Jina la Minde

Nilikuwa darasa la nne, Kibosho,
masika yale baba mdogo Ndekirwa alipopotea.
Siku tatu. Kengele ya kanisa ikagongwa,
vijana wakapanda na tochi hadi juu ya Umbwe,
polisi mmoja akaja kutoka Moshi mjini na viatu vya lami,
akaandika, akanywa chai, akashuka.

Siku ya nne alfajiri tulimkuta nyuma ya migomba
ananawa uso kwenye mfongo
kana kwamba alitoka tu kukata majani ya ng'ombe.
Kiatu kimoja. Saa ya mkononi bado inatembea.

Daktari alisema: baridi na njaa.
Padri alisema: tumshukuru Mungu.
Shangazi Ndeanasia peke yake aliuliza swali la maana:
"Walikupa nini ukala?"
"Walinipa. Sikula."
Shangazi akashusha pumzi, akaenda kukoroga mtori.

Hadithi za namna hii tulizijua.
Mtu huzama msituni akawakuta wanyama wanasema,
fisi akamkaribisha chakula, naye kwa ujanja akachomoka,
na sisi kitandani tukapiga makofi.
Kila hadithi humrudisha mtu nyumbani.
Hakuna hata moja iliyobaki nyuma
kusikiliza walichosema alipoondoka.

Yeye alisimulia mara moja tu, jikoni, umeme umekatika.
Kwamba kule mbega hawapigi kelele, wanajadiliana,
mashuka meupe mabegani, kama wazee wa baraza.
Shorobo ndiye karani:
akifungua bawa, wekundu wake ni daftari.
Na perere, yule anayelia usiku kama mlango mbovu,
ndiye wakili, naye husema kwa vina tu,
maana asiye na mkia
lazima awe na kitu cha kumalizia.

Walimsimamisha juu ya gogo.
Walimwita Mwenye Viatu, ingawa alibaki nacho kimoja.
Perere akakohoa, akaanza:

   *Waya uliweka ndani, majani ukafunika,*
   *Mwana wetu wa mwituni, mguu ukakatika,*
   *Nasi hatukutamani, damu yako kumwagika,*
   *Twakuuliza, mgeni: jina lake watamka?*

Baba mdogo alidhani watamla.
"Hilo ningelielewa," alisema. "Chui akikula,
ni jambo lenye mwanzo na mwisho.
Lakini jina! Ile nyama niliiuza Kiboriloni kwa kificho,
kilo kumi na nne, nikalipa ada ya Aikaruwa.
Sikujua ilikuwa inaitwa nani."

Mama wa yule minde alikuwepo. Hakulia.
Alimnusa magoti,
akamtajia jina, polepole, mara tatu,
kama unavyomwelekeza mgeni njia gizani.
Kisha wakamwacha aende.
Hakutoroka. Hapakuwa na ujanja wowote.
Alivuka mfongo, na pale pale maneno yakazimika:
mbega wakawa kelele,
shorobo akawa rangi tu.

Sijui kama niliamini.
Najua alitegua nyaya kumi na tisa
akazitundika bandani hadi zikala kutu,
na kila Jumamosi alikata jani la isale,
lile tunalompelekea tuliyemkosea,
akaliweka pale migomba inapokoma na pori kuanza.
Siku moja nilimfuata.
Aliinama, akakohoa. Kikohozi kifupi,
chenye kona katikati.
Nikasema, pole, baba.
Akasema, si kikohozi.

Huu ni mwaka wa nane tangu tumzike kihambani.
Juzi nikikoboa kahawa, pumzi ikanipalia,
nikakohoa vile vile, bila kukusudia.
Mbuzi akaacha kutafuna.
Alinitazama muda mrefu,
kama mtu anayengoja sentensi iishe,
nami nikasimama pale, mikono imejaa maganda,
nisijue inaishaje.